Nimelipia chesi, nikaonyeshwa jicho

Ubora wa picha na bei ya kifurushi sitavigusa, hayo kila mtu anaweza kujionea. Mimi nina neno moja tu na hawa jamaa wanaorusha mashindano ya chesi "kwa sura mpya", nalo ni zile dakika za mwisho za nusu fainali, mwezi uliopita au karibu na hapo.

Mchezo ulikuwa umefika pale ambapo chai inapoa na hujali. Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, ana ngome na kitunda, kile kikete kidogo, kinachokimbilia upande wa pili kuwa malkia. Mweusi ana ngome na farasi, na saa yake imebakiza sekunde za kuhesabu. Farasi atawahi kukizuia kitunda au hawahi? Usiku mzima ulikuwa umesimama juu ya swali hilo. Basi hapo hapo bao la chesi likaondolewa kwenye kioo. Wakatuletea jicho la mweusi, limejaa kioo kizima, na pembeni namba ya mapigo ya moyo inapanda kwa rangi nyekundu. Kisha jasho. Kisha mkono unaingia, unatoka. Kisha ukumbi unapiga makofi. Bao liliporudi wanapeana mikono, mweupe ameshakubali kushindwa. Farasi alipita wapi? Sikuambiwa. Nikasema ngoja marudio. Wakarudia jicho!

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu likaja: "Ndugu mteja, chesi ni mchezo wa taratibu, ukikosa hatua moja hujapitwa na kitu."

Hujapitwa na kitu. Nikampa mke wangu asome, maana nilidhani hasira zinanisomesha vibaya. Huyu ndiye anayeniuzia chesi! Mtu anaweza kucheza vizuri saa nne, akaweka farasi mahali pasipo pake mara moja tu, akarudi hotelini mikono mitupu.

Shida yao ni kwamba wanaona aibu na bao. Wamejiaminisha kuwa kufikiri hakuonekani, kwa hiyo watufiche tusichoke. Lakini mwaka 1972, Fischer na Spassky wakigombea ubingwa wa dunia huko Reykjavik, Iceland, televisheni ya umma ya Marekani ilimweka mchambuzi wa chesi Shelby Lyman mbele ya bao la ukutani, akisubiri hatua ziingie na kubahatisha na wageni wake kinachofuata. Saa na saa. Watu walikaa wakatazama. BBC nao, miaka hiyo ya 1970, walikuwa na The Master Game: mchezo ukiisha, wachezaji wanarekodi mawazo yao kana kwamba ndiyo kwanza wanafikiri, nawe unaziona kete huku unasikia mtu akijibishana na hofu yake mwenyewe. Mapigo ya moyo ya nini tena?

Wanorwe ndio usiseme. Kwenye mashindano yao ya Norway Chess kuna kijichumba cha kuungama, tangu 2015. Mchezo ukiendelea, mchezaji anainuka, anaingia mle, anaiambia kamera kinachomtisha, na mpinzani wake hasikii. Unarudi kwenye bao ukijua siri ambayo mmoja wa wale wawili haijui. Sijui kama kuna tamthilia inayofika hapo.

Sasa nisionekane mzee wa kupinga kila kitu. Nyuso zina kazi yake. Juni 2025, hapo hapo Norway Chess, Stavanger, Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, alifungwa na Gukesh, kijana wa Kihindi aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, akapiga ngumi mezani hadi kete zikaruka, na video ile ilizunguka hata kwa watu wasiojua farasi anakwendaje. Niliipenda kama wengine. Ila ngumi ile ina uzito kwa sababu Carlsen alikuwa na hali nzuri zaidi kwenye bao kwa muda mrefu kabla ya kuteleza. Ondoa bao, unabaki na bwana mmoja amevaa vizuri anapiga fanicha.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawana kisingizio. Mashindano makubwa siku hizi hutumia bao la kielektroniki, ukiweka kete hatua inaruka yenyewe hadi kwenye kompyuta. Lichess, ile tovuti ya chesi, wanakurushia hatua za mashindano mengi bure. Bure! Kapicha kadogo ka bao pembeni mwa lile jicho kangewagharimu nini?

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Halafu Jumapili shemeji akaja, mtu wa mpira na ndondi, hajawahi kugusa kete maishani. Nikamwacha na televisheni nikijua atabadilisha baada ya dakika mbili. Niliporudi amesimama katikati ya sebule: "Shemeji, huyu moyo umefika mia na arobaini, anakufa huyu!" Akaanza kuniuliza kwa nini ngome haiwezi kuruka kama farasi. Tukakaa hadi usiku, na nikamfundisha.

Kwa hiyo ziwe nyota mbili. Au tatu, kwa ajili ya shemeji, ingawa nikikumbuka lile jibu la huduma kwa wateja narudi kwenye mbili. Fainali nimeilipia, ndiyo, msinicheke. Televisheni tutaiwasha kwa ajili yake na moyo wake wa namba nyekundu. Mimi simu itakuwa mkononi, Lichess imefunguliwa, na safari hii wakikimbilia jicho nitamwambia shemeji farasi amekwenda wapi kabla mtangazaji hajafunga mdomo.