Siku 12 Khumbu: Safari ya Miguu Kati ya Milima na Nyumba za Watawa

Mwishoni mwa Oktoba nilikwenda Nepal kwa safari ya siku 12 iliyotangazwa kuwa ya milima na utamaduni wa Kibudha, yaani kutembea kwa miguu katika eneo la Khumbu, upande wa kusini wa Everest, huku tukizuru stupa, yaani majengo ya ibada ya Kibudha yenye kuba, na nyumba za watawa zilizo njiani. Nililipa dola 1,450, bila nauli ya ndege kutoka Kilimanjaro hadi Kathmandu kupitia Doha, na bila viza ya siku 30, ambayo niliipata uwanja wa ndege kwa dola 50. Bei hiyo ilijumuisha hoteli ya Kathmandu, ndege ya kwenda na kurudi Lukla, mji mdogo wa milimani ambako matembezi huanzia, malazi ya njiani, chakula mara tatu kwa siku, kiongozi, wapagazi na vibali vyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Moshi, na baba yangu alibeba mizigo ya wageni katika njia ya Marangu kwa miaka mingi. Nimekulia chini ya mlima, na kitu cha kwanza ninachokitazama katika safari ya namna hii ni jinsi wanavyotendewa watu wanaomfikisha mgeni juu.

Ratiba tuliyoichagua haifiki kambi ya chini ya Everest. Inaishia kijiji cha Pangboche, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na siku ambazo wengine huzitumia kukimbilia kambi hutumika kukaa: usiku mbili Namche, usiku mbili Tengboche, usiku mmoja Khumjung. Baadhi ya wenzangu walisikitika kidogo walipoisoma, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani ya safari nzima. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi, na ukishapita mita 3,000 ushauri wa kitabibu ni kutoongeza zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na mwingine. Muda huohuo ambao mapafu yanaudai ndio unaotosha kuketi katika nyumba ya watawa hadi ibada iishe, badala ya kuchungulia mlangoni na kuondoka. Viongozi wetu wa Kilimanjaro husema "pole pole". Huko husema "bistarai, bistarai", na maana ni ileile.

Kathmandu ilianza vizuri. Boudhanath ni stupa kubwa yenye kimo cha mita 36 hivi, kuba jeupe lililobeba mnara wa dhahabu, na pande zote nne yamechorwa macho ya Buddha, na mahali pa pua pana alama inayofanana na tarakimu ya moja ya Kinepali. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliupasua mnara huo, ikabidi ujengwe upya, na stupa ikafunguliwa tena Novemba 2016. Watibeti wengi waliokimbia nchi yao baada ya 1959 walifanya makazi kando yake, na jioni hutoka wazee kwa vijana kuizunguka kwa mwendo wa saa, wengine wakihesabu tasbihi za punje 108. Nilizunguka nao mara tatu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nimefuata nini. Bibi mmoja alinishika mkono tu akanionyesha namna ya kuligusa gurudumu la sala, pipa lenye maneno ya sala ambalo huzungushwa, kwa mkono wa kulia, kisha akaendelea na safari yake. Swayambhunath, stupa nyingine ya Kathmandu, tulipewa nusu saa tu. Mahali penye ngazi 365 za mawe na kilima kizima cha mahekalu hapawezi kuonwa kwa nusu saa, hasa na watu ambao wameahidiwa utamaduni katika tangazo.

Kasoro ya kwanza kubwa ilijitokeza usiku huo. Tulikuwa tumeambiwa kwamba tutaruka kutoka Kathmandu hadi Lukla. Saa mbili usiku tukaarifiwa kwamba, kwa kuwa ni msimu wa wageni wengi, ndege zinaondokea uwanja wa Manthali wilayani Ramechhap, na kwamba gari lingetuchukua saa saba usiku kwa mwendo wa takribani saa tano katika barabara ya milimani. Mpango huo hufuatwa karibu kila msimu wa vuli na si jambo la dharura. Kampuni iliufahamu siku ilipopokea fedha zetu. Mama mmoja wa kundi letu, mwenye umri wa miaka 67, alitapika njia nzima. Angeambiwa mapema, angejiandaa kwa dawa na kwa usingizi wa mchana. Kuhusu ndege yenyewe nitasema tu kwamba uwanja wa Lukla una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 527 iliyoinamia bondeni, ukuta wa mlima upo mwisho wake, na rubani wetu alitua kwa utulivu ambao sitausahau.

Kasoro ya pili iliniumiza zaidi. Mkataba ulisema kila wageni wawili watakuwa na mpagazi mmoja, na kila mgeni asizidishe kilo 15, ili mzigo wa mpagazi usivuke kilo 30. Tulikuwa wageni sita. Pale Lukla niliwaona wapagazi wawili, kila mmoja akifunga mifuko mitatu kwa kamba moja. Wapagazi wa huko hawabebi kichwani kama wagumu wetu wa Kilimanjaro. Huupitisha mkanda mpana kwenye paji la uso, mzigo ukaning'inia mgongoni, na mkononi wameshika fimbo fupi yenye umbo la herufi T. Akichoka, mpagazi haketi. Huisimika fimbo nyuma yake, akautegemeza mzigo juu yake na kupumua akiwa amesimama wima, kwa sababu akiuweka chini, kuuinua tena ni kazi ya watu wawili. Nilimtazama mdogo wao akifanya hivyo mara nne kabla hatujafika daraja la kwanza, na shingo yake ilikuwa imekaza kama kamba iliyofungwa boti. Nilimkumbuka baba, ambaye hadi leo hawezi kugeuza shingo upande wa kushoto.

Nilimwendea kiongozi wetu. Yeye aliniita "didi", yaani dada mkubwa, nami nikamwita "dai", kaka, kama ilivyo desturi yao. Nikamwambia, "Dai, mifuko hii inazidi kilo 40, na mkataba wetu hausemi hivi." Hakujitetea. Alisema ofisi ya Kathmandu ilipunguza mpagazi mmoja na kwamba yeye alikwisha kulalamika. Tulikubaliana kuchanga, akatafutwa mpagazi wa tatu katika kijiji cha Phakding jioni hiyohiyo. Baada ya kurudi nilidai fedha hizo, na ilihitaji barua pepe tatu ndipo nikarudishiwa nusu. Ninamwomba kila atakayenunua safari ya namna hii, na kampuni yoyote ile, aombe idadi ya wapagazi na uzito wa mizigo kwa maandishi, kisha aihesabu mifuko kwa macho yake asubuhi ya kwanza.

Kiongozi huyo ndiye aliyeibeba safari. Ni Msherpa, mtu wa kabila la wenyeji wa milima hiyo, mzaliwa wa Khumbu, na kwake kila jiwe la njiani lina mwenyewe. Alitufundisha kupita kuta za mawe ya mani upande wa kushoto, ili mawe yabaki mkono wetu wa kulia, na alieleza silabi sita za sala ya Kibudha zilizochongwa juu yake, *om mani padme hum*, bila haraka na bila kujifanya mhubiri. Alitueleza rangi tano za bendera za sala: buluu ni anga, nyeupe ni upepo, nyekundu ni moto, kijani ni maji, manjano ni ardhi. Nilipomuuliza jina lake lina maana gani, alijibu kwamba ni Jumatano tu, siku aliyozaliwa. Washerpa wengi huitwa kwa siku, Pasang ni Ijumaa, Pemba ni Jumamosi, Nima ni Jumapili. Nikamwambia kwamba kwetu wapo akina Juma, Jumanne na Hamisi. Alifurahi sana, na tangu hapo kila tulipokutana na mtu anayemfahamu, alimtambulisha kwangu kwa siku yake.

Namche iko mita 3,440, mji wa ngazi na maduka uliojikunja kama ukumbi wa michezo kwenye ubavu wa mlima. Siku ya kupumzika tulipanda hadi Khumjung, na kwangu mimi mwalimu palikuwa na mengi ya kutazama. Shule ya hapo ilijengwa mwaka 1961 kwa juhudi za Edmund Hillary, ambaye mwaka 1953 alifika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay, na hospitali ya kijiji jirani cha Khunde ikafuata mwaka 1966. Watoto walikuwa wakicheza uwanjani mita 3,790 juu, mahali ambapo mimi nilihema kwa kufunga kamba za viatu. Huku kwetu, mgeni akishaingia lango la hifadhi huviacha vijiji vya Wachaga nyuma yake, na juu hakuna mtu anayeishi. Khumbu, ingawa ni Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha tangu 1976, njia inapita kati ya mashamba ya viazi na nyua za watu, na kwa sababu hiyo mgeni anawajibika kuwa na adabu ya mgeni nyumbani kwa mtu. Katika nyumba ya watawa ya kijiji hicho tulionyeshwa ngozi ya kichwa inayosemwa ni ya yeti, kiumbe wa hadithi za milimani mwenye manyoya, ikiwa ndani ya kisanduku. Hillary aliipeleka ng'ambo mwaka 1960, na wataalamu wakaona imetengenezwa kwa ngozi ya serau, mnyama wa jamii ya mbuzi. Kiongozi wetu alitueleza yote mawili, heshima ya wanakijiji na jibu la wataalamu, akatuacha tuamue.

Tengboche huanza na mateso. Njia inateremka hadi mtoni Phunki Tenga, ambako magurudumu ya sala huzungushwa na maji usiku na mchana, kisha inapanda mita 600 kwa mfululizo kupitia msitu wa misonobari na rododendroni. Ukifika juu, unakuta uwanda mpana, nyumba ya watawa yenye lango la rangi, na nyuma yake Ama Dablam, mita 6,812, na kwa mbali Everest ikichungulia juu ya ukuta wa mlima jirani wa Nuptse. Jengo hili lilianzishwa mwaka 1916, likaangushwa na tetemeko mwaka 1934, likajengwa, likateketea kwa moto mwaka 1989, likajengwa tena na kuwekwa wakfu mwaka 1993. Nimeyaandika haya kwa sababu kiongozi aliyasema tukiwa tumesimama ukumbini, akaigusa nguzo kwa kiganja akasema kwamba mbao hizo zilipandishwa kwa migongo ya watu.

Tulivua viatu, tukaketi ukutani juu ya mikeka myembamba. Baridi ya sakafu ilipenya soksi mbili. Watawa waliingia wakiwa na mablanketi mabegani, wakaketi safu mbili zinazotazamana, na sauti yao ilianza chini kabisa, mahali ambapo sikujua koo la mwanadamu linafika. Kisha tarumbeta ndefu, ngoma, matoazi, na ghafla kimya. Mtawa mdogo, labda wa miaka 12, alipita na birika la chai akimimina bila kudondosha tone, akiwa amefumba jicho moja kwa sababu ya moshi wa ubani, ambao hutengenezwa kwa majani ya mti wa jamii ya mtarakwa wetu. Kupiga picha wakati wa ibada ni marufuku, na ninashukuru. Kundi jingine liliingia, likakaa dakika kumi, likaondoka kwa kishindo kuwahi kituo kinachofuata. Sisi tulibaki hadi mwisho, na kesho yake jioni tukarudi tena. Mara ya pili nilianza kutambua ni wapi ngoma inajibiwa na matoazi, na nikaacha kuitazama saa.

Pangboche ni ndogo na ya kale zaidi. Nyumba yake ya watawa husemwa kuwa kongwe kuliko zote za Khumbu, na imezungukwa na mireteni mikubwa isiyokatwa. Huko mwenzetu mmoja aliumwa kichwa vibaya. Kiongozi alimpima oksijeni, akamuuliza maswali yaleyale mara mbili, kisha akamteremsha siku hiyohiyo bila kujadiliana, nasi tukafuata na kiongozi msaidizi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulifanywa kwa wakati.

Malazi ni ya kawaida: vyumba vya mbao, vitanda viwili, jiko la chuma moja tu katika chumba cha kulia. Chukua mfuko mzito wa kulalia. Wali na dengu huongezwa sahani hadi ushibe, mchuzi wa viazi wa Kisherpa ni mtamu, na chai ya siagi na chumvi inataka kuzoewa.

Ndege ya kurudi ilichelewa siku moja kwa mawingu, na siku ya akiba ilikuwamo kwenye ratiba, jambo ambalo kampuni inastahili sifa kwalo. Kwa kiongozi na njia ninatoa alama tisa kati ya kumi. Kwa ofisi, nne. Nimemwandikia kiongozi moja kwa moja kuhusu msimu ujao, ili nirudi wakati wa Mani Rimdu, sikukuu ya vuli ambapo watawa wa Tengboche hucheza wakiwa wamevaa vinyago uani. Amejibu kwamba tarehe hufuata kalenda ya Kitibeti na kwamba atanitumia ikitangazwa. Nami nimemjibu kwamba tutakuwa wageni wanne na wapagazi wawili, na mizani ya kupimia mizigo nitakuja nayo mwenyewe.