Victory Field, Indianapolis: uwanja wa kumwona nyota kabla Pittsburgh haijamchukua

Uwanja huu wa besiboli naupa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya ofisi ya jiji jingine, na huko nitafika.

Victory Field uko katikati ya Indianapolis, jirani na bustani ya White River, na ulifunguliwa mwaka 1996. Viti ni zaidi ya 12,000, ila ukienda na familia nenda moja kwa moja nyasini. Nyuma ya uzio wa nje kuna mteremko wa majani, watu wanatandika mablanketi na watoto wanabiringika wanavyotaka. Mpira ukipigwa mbali sana unaangukia hapo hapo mlipokaa. Kivuli hakuna, kwa hiyo mchana wa Julai kofia ni lazima, na usiku wa Aprili vaa koti zito kweli, maana baridi ya Indiana mwezi huo bado haijaondoka.

Ila ukitaka kuujua mchezo wenyewe, ongeza hela kidogo ukae nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa kupokea mpira wa mrushaji. Ndipo ninapokaa mimi nikiwa sina zamu ya usiku ghalani, na yote nitakayosema hapa nimeyaona kutokea pale.

Timu ya nyumbani, Indianapolis Indians, inacheza daraja la Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Tangu 2005 inalea wachezaji wa Pittsburgh Pirates. Kwa hiyo kijana unayemshangilia hapa si wa hapa. Mkataba wake uko Pittsburgh, safari ya karibu saa sita kwa gari, na huko ndiko wanakoamua utamwona tena kesho au hutamwona.

Aprili 2024 nilikwenda kumwona Paul Skenes, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu za ligi kuu zilipogawana vijana wapya mwaka 2023. Nilikuwa na kijana mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa Bukavu, hajawahi kuona besiboli maishani mwake. Mpira wa kwanza ulipotua kwenye glavu ya mdakaji ulilia paa! mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka kuangalia ubao wa kasi. Maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mpigaji alizungusha gongo mpira ukiwa umeshapita. Aliyefuata hivyo hivyo. Kijana wangu akanigeukia: "Mama Neema, kama huyu hagusiki, bado anafanya nini huku?"

Swali lake ndilo swali la mchezo huu, na watu wanaolipwa vizuri wanabishana juu yake kila mwaka. Skenes alianza mechi saba za Indianapolis msimu ule. Katika mizunguko 27 na kidogo (mechi nzima ina tisa) aliwatoa wapigaji 45 kwa straiki tatu, yaani mipira halali mitatu waliyoshindwa kuipiga, na wastani wake wa pointi alizoruhusu kwa mizunguko tisa ulikuwa 0.99. Tarehe 11 Mei akapandishwa. Julai alianza mechi ya nyota wote kwa upande wa ligi ya National, moja ya pande mbili za ligi kuu, na mwisho wa mwaka akawa mchezaji mpya bora wa ligi hiyo.

Wapo waliosema Pittsburgh walikuwa wanalinda bega lake, na hilo nalikubali. Kweli walikuwa wanamhesabia mipira na kumtoa mapema. Lakini bega unaweza kulilinda hata ligi kuu. Mipira inahesabika popote.

Kuna hesabu nyingine. Ligi kuu inahesabu siku za utumishi, yaani siku ambazo mchezaji yuko kwenye timu ya ligi kuu. Siku 172 ni mwaka mmoja kamili, na msimu una siku kama 187. Akitimiza miaka sita anakuwa mchezaji huru, anajiuzia mwenyewe kwa bei anayotaka. Basi timu ikimwacha kijana huku chini wiki mbili tatu za mwanzo, mwaka wake wa kwanza hautimii, nayo inabaki naye karibu mwaka mzima zaidi. Kris Bryant wa Chicago Cubs alifanyiwa hivyo 2015. Alipandishwa tarehe 17 Aprili, akamaliza msimu na siku 171. Siku moja tu. Alilalamika rasmi, na Januari 2020 akashindwa.

Nasi wa Indianapolis tuna kalenda yetu. Andrew McCutchen alipita hapa akapanda Juni 2009. Gerrit Cole akapanda Juni 2013. Gregory Polanco, Juni 2014. Kwa nini Juni? Kwa sababu wenye siku nyingi zaidi kati ya wale waliotimiza miaka miwili lakini hawajafika mitatu wanapata haki ya kudai mshahara kwa usuluhishi mwaka mmoja mapema, na ukishavuka mwanzo wa Juni hatari hiyo kwa mwenye timu inapungua sana. Kijana hakuiva ghafla mwezi wa sita. Bei yake ndiyo ilishuka.

Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipobaki. Mtu analipa tikiti, kijana anatoka jasho, na mwaka 2023 mshahara wa chini wa Triple-A ulikuwa dola 35,800 huku ule wa ligi kuu ukiwa dola 720,000. Kumweka chini mtu aliyeshaiva ni kumnyima riziki yake, na mashabiki wa Pittsburgh wananyimwa ushindi kwenye msimu ambao haurudi.

Sisemi kila anayesifiwa apandishwe kesho asubuhi. Jackson Holliday wa Baltimore alipanda Aprili 2024 akiwa na miaka 20, akapata mapigo mawili tu katika nafasi 34, wakamrudisha Norfolk, timu yao ya Triple-A. Akarudi mwisho wa Julai, na homurani yake ya kwanza, yaani pigo la kuuvusha mpira nje ya uzio, ikaleta pointi nne kwa mpigo. Ile miezi mitatu ya Triple-A haikuwa adhabu, alikuwa na kazi ya kufanya. Jarred Kelenic naye alipanda na Seattle Mei 2021, akateseka vibaya, akarudishwa chini Juni.

Ndiyo maana nasema kaa nyuma ya mdakaji. Usitazame homurani. Tazama slaida, ule mpira unaokuja kama wa katikati kisha unakimbilia nje. Kijana ambaye bado hajaiva utamwona anaufuata, gongo linakwenda mbele, mguu wa nyuma unaachia ardhi. Nimewahi kumtazama mmoja jioni nzima. Mara ya kwanza aliufuata, mara ya pili akaanza kuufuata akazuia mikono katikati, mara ya tatu hata kope hakupepesa, akauacha upite na kusubiri wake. Siku akiuacha hivyo wiki nzima, mbele ya warushaji tofauti, huku chini hakuna cha kumfundisha tena. Mpandishe. Awe na siku 171 au 172, mpandishe.

Tangu 2022 kanuni mpya zimesaidia. Mchezaji mpya akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za mchezaji mpya bora, anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alichelewa kupandishwa. Skenes aliupata. Timu nayo inayomwamini kijana wake tangu mwanzo wa msimu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua vijana, kama Seattle walivyopata kwa Julio Rodríguez. Pittsburgh kwa Skenes hawakupata, walikuwa wamechelewa. Kwa hiyo kusubiri kule hakukuwapa hata siku moja, na zawadi ikawapita.

Halafu 2025 wakasubiri tena. Bubba Chandler, naye anarusha maili 100, tulikuwa naye hapa mpaka 22 Agosti. Siku hiyo hiyo aliyopandishwa alirusha mizunguko minne bila kuruhusu pointi. Siku zilizobaki hazikutosha kumwondolea hadhi ya mchezaji mpya, kwa hiyo akaanza nayo upya mwaka uliofuata. Kiangazi kilikuwa kimemchafukia kidogo, boli, yaani mipira ya nje ya eneo halali, zimeongezeka, na mwenye kumtetea mwajiri ana hoja. Mimi niliyemwona mwanzo wa msimu sishawishiki.

Kwa anayetaka kwenda: timu inayotembelea inakaa wiki nzima, mechi sita kuanzia Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu ni mapumziko. Ukiona mchezaji anagonga kofia yake ujue anapinga uamuzi wa refa wa straiki au boli, kamera zinapima, na jibu linaonekana kwenye skrini papo hapo. Watoto wanalipenda sana hilo. Kama unamfuata mrushaji fulani, angalia kwanza nani ametangazwa kuanza, kisha nunua tikiti ya mechi hiyo hiyo. Usingoje zamu yake inayofuata, hasa ikiwa Juni iko karibu.