Roberto Carlos wa 1965 au Os Mutantes wa 1968: uanze na albamu ipi?

Kwa wepesi wa kuingia masikioni, "Jovem Guarda" (1965) ya Roberto Carlos, mwimbaji wa Brazili (si yule mwanasoka), inashinda. Nyimbo ni fupi, za mapenzi na ujana, na kinanda cha mpigaji wake Lafayette katika "Quero que vá tudo pro inferno" unakishika mara moja. Kama hujui Kireno, anza hapa. Sauti yenyewe inakueleza.

Kwa ubunifu, naipenda zaidi albamu ya kwanza ya Os Mutantes, bendi ya roki ya Brazili. Rita Lee na ndugu wawili, Arnaldo Baptista na Sérgio Dias, walichanganya roki na midundo ya kwao, huku Rogério Duprat akipanga ala za okestra. Ndugu yao mwingine, Cláudio César, aliwaundia magitaa na vifaa vya kukwaruza sauti. Sikiliza humo "A minha menina", wimbo uliotungwa na Jorge Ben: gitaa linanguruma, mdundo bado ni wa Brazili kabisa! Lakini inadai subira, na haifai kuwekwa kama muziki wa pembeni wakati wa kazi.

Mpenzi wa zilipendwa atatulia kwa Roberto. Mpiga gitaa anayetafuta mawazo mapya aende kwa Os Mutantes.