Tumbo Likifunga: Ununue Dawa Gani Farmasini Bukavu?

Siku ya nne bila choo, bugali wa muhogo umekaa tumboni kama jiwe, na muuza dawa wa Kadutu anakuuliza: "Mama, unataka ya nguvu?" Mwambie hapana. Omba ya kuvuta maji. Dawa za aina hiyo haziuchapi utumbo; hubaki ndani yake zikashika maji, choo kikalainika na kupita chenyewe.

Namba moja kwangu ni makrogoli, unga wa pakiti. Mtu mzima hutumia pakiti moja au mbili za gramu 10 kwa siku, kila moja ikikorogwa katika glasi ya maji yaliyochemshwa. Haijazi hewa sana. Inataka subira tu: siku moja hadi tatu. Wasio na subira huongeza dozi usiku wa kwanza, kesho yake choo ndicho nyumba yao.

Laktulozi, ile siro tamu, naiweka ya pili. Siku mbili hivi hutosha, ila bakteria wa utumboni huichachusha, basi hewa itakusumbua. Usiianze siku ya kwenda kwa wakwe. Ina sukari kidogo, mwenye kisukari amuulize muganga.

Ya tatu ni magnesiamu, dawa ya maji meupe kama maziwa. Ni ya haraka, nusu saa hadi saa sita. Lakini figo ndizo huitoa mwilini. Mwenye figo mbovu aiache.

Fosfati ya sodiamu ya kunywa sinunui. Imeharibu figo za watu, na mwaka 2008 Marekani ilitoa onyo kali juu yake.

Ukiandikiwa kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera, utumbo husafishwa kwanza: makrogoli ni ileile lakini pakiti si ileile: hii ni kubwa, ina chumvi, hukorogwa katika lita nzima, na huenda ukanywa lita 3 au 4 mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano, maangavu. Usijaze pengo kwa pakiti za gramu 10 eti unga ni mmoja. Zile chumvi ndizo hulinda mwili usivurugike. Mara nyingi hugawanywa, nusu jioni, nusu asubuhi. Ikiwa baridi, ladha huvumilika. Vinywaji vyekundu viache, muganga atadhani ni damu.

Kabla ya kulipa soma tarehe ya mwisho, papasa pakiti kama unga haujagandamana. Na kama tumbo limevimba, unatapika, hewa haitoki, au choo kina damu, rudisha franka mfukoni uende hospitali.