Miwani ya Mama Ilibaki Chini ya Mto: Uzoefu Wangu na Lojing Moja ya Ngara

Tulilala siku mbili, mimi na mamangu, kwenye lojing ndogo pale Ngara, Nairobi. Shilingi 1,800 kwa usiku, chai na mandazi humo humo. Maji ya moto asubuhi tu, na makelele ya matatu huanza saa 10 alfajiri. Chumba ndicho hicho. Ninalotaka kueleza ni habari ya miwani.

Mama alikuwa ametoka kliniki ya macho na miwani mpya kabisa. Siku ya kurudi Mombasa tulikimbilia basi la saa 3 asubuhi, miwani ikabaki kitandani. Tulifahamu Mtito Andei, basi liliposimama watu wapate kula, mama akashindwa kusoma bei ya pilau ubaoni. Nusu ya safari hiyo, utarudi vipi?

Nikapiga simu. Dada wa mapokezi hakuniambia zile za "ngoja niulize" kisha simu ikakatika. Aliniuliza chumba, rangi ya fremu, na kama ilikuwa na kibeti chake. Nikasikia daftari likifunuliwa. "Iko, mama. Namba saba, chini ya mto, imeokotwa saa nne na nusu."

Nikamlaumu: namba yangu mnayo, mbona hamkunipigia? Akacheka. Kumbe zamani walikuwa wakipiga. Siku moja wakampigia mteja kumwarifu amesahau sweta, simu ikapokewa na mkewe, na huyo mke alikuwa akijua bwana yuko Kisumu kikazi. Tangu hapo wanangoja mwenyewe apige. Nilikosa la kusema. Ujumbe mfupi nao, kwa nyumba yenye shuku, ni moto ule ule.

Vitu hukaa kabatini miezi mitatu. Chakula hutupwa siku hiyo hiyo. Kitambulisho wakikaa nacho wiki bila mwenyewe kuulizia, hukipeleka polisi, na hapo nawapa heko, maana kitambulisho cha mtu si cha kuzagaa kwenye droo.

Miwani ilikuja kwa basi la usiku kama kifurushi. Nililipa 300 za basi na 100 za bodaboda kwa M-Pesa, ikafika asubuhi. Ila waliifunga kwa gazeti tupu! Mkono mmoja ulipinda, fundi akaunyoosha kwa shilingi 50. Kiboksi cha dawa kingetosha, jamani.

Chaja yangu nayo niliiacha ukutani, na hiyo kwenye daftari haimo. Chaja hawaandiki, ni nyingi mno. Mwezi uliopita tuliporudi kliniki tulilala pale pale, nikaomba niitafute. Dada akafungua kabati: tasbihi, kanga, kiatu kimoja cha mtoto, na chaja kumi na moja, zote nyeusi.

"Chagua tu, mama," akaniambia.

Nilichukua yenye waya mrefu.