Queimada (1969): steringi wa hii muvi sio yule wa kwenye posta

Kwenye banda umiza mtu akiingia amechelewa swali lake ni lile lile, steringi nani? Kwa Queimada ukiulizwa hivyo katikati ya muvi utapata tabu kujibu, na hiyo ndo sababu nimeipenda kuliko muvi nyingi za zamani za visiwa na meli na mapanga. Posta yote ni Marlon Brando, jina lake ndo limeuza, lakini yule anayebeba stori mgongoni ni jamaa mmoja wa Colombia, Evaristo Márquez, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi hata kuigiza.

Kwa asiyeijua, ni muvi ya Kiitaliano, direkta Gillo Pontecorvo, yule yule aliyetengeneza ile ya vita vya Algiers mwaka 1966, na muziki ni wa Ennio Morricone. Kwenye soko la Kiingereza inaitwa Burn! kwa hiyo ukiitafuta jaribu majina yote mawili.

Stori iko kwenye kisiwa cha kubuni huko Antilles (visiwa vya Karibi), koloni la Wareno. Zamani Wareno walikichoma chote ili wawamalize wenyeji waliokuwa wanawagomea, halafu wakaleta watumwa kutoka Afrika waje kulima miwa. Mwaka 1844 anashuka bandarini Muingereza mmoja, Sir William Walker (Brando), msafi, mpole, anaongea taratibu, na kazi aliyotumwa na serikali yake ni kuwasha uasi Wareno watoke ili sukari iingie mikononi mwa Waingereza. Kiongozi wa waasi aliyekuwa anamtegemea anakuta wameshamkamata na wanamnyonga. Hapo kuna kipande sikukitegemea kwenye muvi ya adventure, mjane wa yule kiongozi na watoto wake wanaukokota mkokoteni wenye maiti juani, hakuna maneno, na Walker anawafuata kwa nyuma anawaangalia. Unaona kabisa kwamba ana huruma, na unaona kabisa kwamba huku anapiga hesabu. Brando anafanya vyote viwili kwa uso mmoja.

Sasa inabidi atafute mtu mwingine, na anamuona mbeba mizigo wa bandarini, José Dolores (Márquez). Anamchokoza makusudi kuona kama atarudisha au atainamisha kichwa. Akishaona huyu moto upo, anamuingiza kwenye wizi wa dhahabu ya benki, maana mtu akishaiba dhahabu ya serikali hana tena pa kurudi, itabidi apigane tu, na bunduki anazileta Walker mwenyewe. Upande wa pili anakaa na matajiri wa mashamba anawauliza swali chafu kidogo, kipi nafuu, mke au malaya? Mke unamlisha, unamvisha, akiugua unamuuguza, akifa unamzika. Malaya unamlipa saa zake basi. Halafu anawageuzia, je mtumwa na kibarua? Wale wazee wanakaa kimya, wameshaelewa. Nimeshasoma vitabu kadhaa kuhusu kwa nini utumwa ulikomeshwa na hakuna kilichonielewesha upande wa pesa haraka kama hiyo sini.

Lakini sini ya muvi nzima kwangu mimi ni ya ikulu. José Dolores ameshinda, jeshi lake limeingia na nguo za kila aina, wanawake, watoto, farasi, ule wimbo wa Morricone wa kwaya na kinanda unapanda unapanda (Abolisson, utafuteni hata kama muvi hamtaki) na unajisikia kusimama. Halafu anakaa mezani na wale waheshimiwa kupanga serikali. Na hapo ndo anaanza kushindwa, bila risasi hata moja. Nani atanunua sukari? Bei nani anapanga? Meli za nani? Nani atafundisha shule, nani atatibu? Anawafukuza wote kwa hasira, ana haki ya kuwafukuza, ila miwa iko shambani, ikipita wakati wake hakuna kula. Mwisho anakubali kuweka silaha chini, watu wake wanarudi shamba kama vibarua, na Walker anapanda meli kwenda zake Indochina, wanaagana kama marafiki kabisa. Mimi hapo nilisimamisha muvi nikatoka nje kidogo. Sisi tumezoea muvi inaishia bendera ikishapanda, hii bendera ikipanda ndo kwanza inafika nusu.

Miaka 10 mbele, kampuni ya sukari ya Kiingereza ndo yenye kisiwa sasa, José Dolores amerudi msituni, na kampuni inamfuata Walker London aje amzime mtu aliyemuwasha yeye mwenyewe. Kuanzia hapa muvi inakuwa nzito, wanachoma vijiji, wanahamisha watu, wanachoma msitu ili wapiganaji wakose pa kujificha na chakula. Kwa Mtanzania yeyote aliyesoma habari za Maji Maji hii haihitaji maelezo, Wajerumani kule kusini walichoma mashamba na maghala hivyo hivyo na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Walker haonyeshi chuki hata kidogo, anaeleza tu kama fundi anavyoeleza kazi yake, kwamba mtu akipigania kitu anachokiamini inabidi umuondolee kila kinachomlisha. Nilimchukia zaidi kwa ule upole.

Niliicheki na mjomba wangu ambaye ujana wake wote alikuwa mkata miwa. Yeye muvi za zamani hazipendi, alikaa kwa sababu aliona shamba. Dakika chache baadaye ananiambia "mpwa, huyu si muigizaji, angalia panga lake analishika chini, anakata kwenye shina." Nikasimamisha nikarudisha nyuma, kweli. Mkono wa kushoto unashika muwa, panga linashuka mara moja chini kabisa, halafu anageuza mkono anaondoa ncha ya juu bila kuangalia. Na mjomba yuko sahihi, Evaristo Márquez alikuwa mtu wa mashambani kwelikweli, Pontecorvo alimtoa huko huko Colombia. Wenye pesa za muvi walimtaka Sidney Poitier, direkta akakataa. Asili yake ni San Basilio de Palenque, kijiji karibu na Cartagena kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, na mpaka leo lugha yao ina mizizi ya Kikongo ndani yake. Kwa hiyo yule unayemuona anacheza muasi ni mjukuu wa waasi wa kweli. Mjomba tulipofika kwenye mashamba yanawaka alikuwa na lake pia, kwamba miwa sisi tunaichoma kabla ya kukata ili majani na nyoka vitoke, lakini ukishaichoma lazima ifike kiwandani haraka la sivyo sukari inapotea, "hao wakiichoma na kuiacha wanaua kampuni, sio askari." Mimi hilo nisingeliona kamwe.

Kitu kingine. Script ya kwanza kisiwa kilikuwa cha Wahispania, serikali ya Franco kule Hispania ikaja juu, ikabidi wabadilishe kiwe cha Wareno. Wareno mwaka 1969! Mwaka huo huo bado wameikalia Msumbiji na Angola na Guinea-Bissau, na mwezi wa pili Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa kwa bomu la kifurushi hapa hapa Dar. Walidhani wanakwepa ugomvi kwa kuwaangushia koloni la zamani kumbe ndo koloni lililokuwa linawaka siku hizo hizo. Ukiiangalia na hiyo kichwani mwako kila ofisa wa Kireno anayepita pale una la kusema naye.

Sasa muhimu kwa anayetaka kuitafuta. Ziko mbili. Ya Kiingereza ina dakika 112, ya Kiitaliano inafika kama 130 na kitu. Ya Kiingereza unapata sauti ya Brando mwenyewe, na ile sauti ni nusu ya kazi, lakini wameikata, kuna mahali unaruka kutoka sini moja kwenda nyingine unajiuliza imekuwaje. Ya Kiitaliano stori imetulia, vita vina mwanzo na mwisho, ila Brando wamemuingizia sauti ya mtu mwingine. Ushauri wangu anza na ya Kiingereza umsikie Brando, ukishaipenda nenda kwenye ndefu. Diski niliyonunua mtandaoni ilikuwa ya ile fupi na rangi zimepauka hasa sini za usiku, na muuzaji hakuandika popote kwamba ni fupi, kwa hiyo hakikisha umeangalia dakika kabla hujalipa.

Mapungufu yapo. Waigizaji wa pembeni midomo na sauti haviendani kabisa. Wanawake karibu hawaongei, na hilo limeniuma, maana yule mjane wa mwanzo nilitaka kujua alifika wapi. Vita ya pili tunaiona zaidi kutokea upande wa Walker, José Dolores yuko msituni na sisi tumekaa na wanaomwinda, natamani wangetupeleka kule tusikie anapanga nini na watu wake. Pia Brando na direkta waligombana vibaya kule Colombia mpaka wakaenda kumalizia Morocco, ingawa kwenye uigizaji wake sijaona pengo, na Brando mwenyewe aliwahi kuandika kwamba baadhi ya kazi zake bora alizifanya humu.

Mwisho siwaambii. Nitasema tu kwamba dakika ishirini za mwisho José Dolores haongei sana na bado Walker ndo anaonekana mfungwa, na mjomba aliyesema anakaa kidogo tu alikaa mpaka majina yakaisha. Watoto wadogo waondoeni kuna watu wananyongwa, lakini wa sekondari wanaosoma historia ya ukoloni waitazame kabisa. Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa huo mkato wa Kiingereza.