Ushauri wa manahodha wa Mtwapa kabla ya kukodi boti ya nduaro na sulisuli

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo mkazi wa Mombasa anayetaka kupambana na windo kubwa kihalali amebakiwa na bahari, penye nduaro na sulisuli, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki. Ndipo inapoingia huduma tunayoipima hapa: ushauri unaotolewa na manahodha na ofisi za boti za uvuvi wa michezo kule Mtwapa, kabla mteja hajalipa chochote. Ubora wake hutofautiana sana baina ya ofisi na ofisi, na tofauti hiyo hujulikana mapema. Nahodha hodari huuliza kwanza, bei huja baadaye.

Unataka samaki gani? Umewahi kukaa bahari kuu saa nane mfululizo? Mko wangapi, na wangapi kati yenu watashika fimbo? Samaki akipatikana, mwataka kumla au kumwachia? Tarehe mliyoitaja yaweza kusogezwa? Anayekupa bei ya siku nzima kabla hujajibu hata moja kati ya hayo bado hajakushauri lolote. Mpe asante yake, nenda ofisi ya pili.

Kwenye msimu, manahodha hawa ni wa kuaminiwa kuliko kipeperushi chochote cha hotelini. Jodari hupatikana zaidi Agosti hadi Novemba, sulisuli hushika kasi kuelekea mwisho wa mwaka, na nduaro ni wa kaskazi yenyewe, Desemba hadi Machi. Kusi ikishapamba moto bahari huchafuka, na boti nyingi hupandishwa pwani kukarabatiwa. Mteja anayetaka nduaro mwezi wa Juni anapaswa kuambiwa wazi asubiri, au aridhike na kolekole na nguru karibu na mwamba siku ambayo upepo umetulia. Jibu hilo linaipotezea ofisi pesa ya siku hiyo, na ndiyo maana lina uzito.

Dalili nyingine ya ushauri safi ni kuambiwa usiondokee hapa. Mbele ya Mombasa sakafu ya bahari huporomoka haraka: boti hufika penye kina cha mita 200 ndani ya kilomita chache tu, jambo zuri kwa aliye na siku moja pekee. Lakini mkondo wa pwani yetu hukimbia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kusini. Pale mikondo hiyo inapogongana, maji baridi yenye rutuba hupanda juu, dagaa wakafuata, na wakubwa wakawafuata dagaa. Ndiyo sababu mwenye siku tatu na hamu ya nduaro huelekezwa Watamu au Malindi, na mwingine Shimoni, kwenye maji yenye kina kirefu baina ya bara na Pemba. Manahodha wa Mtwapa wanaowaelekeza wateja huko, hata kama boti si yao, wanastahili kurudiwa.

Tarehe ikishapatikana, liulizwe suala la maji. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji kujaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3 hapa Mombasa, na mlango wa mwamba wenye mawimbi wakati maji yametoka si mahali pa kupita na abiria wageni. Nahodha mzuri hupanga saa ya kutoka na ya kurudi kwa kutazama jedwali la maji, wala hasemi tu “saa kumi na mbili asubuhi” kwa kila mtu. Ukiuliza “siku hiyo ni bamvua au maji mafu?” na aliye mbele yako akasita, unazungumza na dalali.

Kwenye vifaa, omba uonyeshwe breki ya rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) ikipimwa. Kazi yenyewe haizidi dakika tano. Mshipi hupitishwa kwenye fimbo, ncha yake hufungwa kwenye mizani ya kuning’iniza, fimbo huinuliwa kama ya kuvulia, kisha mizani huvutwa polepole mpaka rili ianze kutoa mshipi. Kipimo kinachokubalika ni kama theluthi moja ya nguvu ya mshipi: wa kilo 24 uachie kwenye kilo 8 hivi, wa kilo 37 kwenye kilo 12. Wageni wengi hupoteza samaki hapa bila kujua kisa. Nduaro akikimbia na mita mia kadhaa, duara la mshipi uliobaki kwenye rili hupungua. Kipenyo kikifika nusu, nguvu ya kuuvuta huwa maradufu ingawa hakuna aliyegusa breki. Kilo 8 zimekuwa 16. Ongeza uzito wa maji yanayougandamiza mshipi mrefu, halafu mvuvi aliyetaharuki akaze breki, na mshipi unakatika. Breki hulegezwa samaki anapokimbia, na nahodha hugeuza boti kumfuata. Mshauri anayeeleza hili nchi kavu, kwa rili iliyo mkononi, amekuokolea safari.

Mengine ya vifaa yanajieleza. Chambo bandia hurambazwa (huburutwa nyuma ya boti) kwa kasi ya kilomita 13 hadi 16 kwa saa, chambo cha samaki halisi polepole zaidi. Nguru ana meno makali, kwa hiyo ndoana yake inataka waya. Nduaro na sulisuli hutosha nailoni nene. Kwa anayekusudia kumwachia samaki, ndoana ya mviringo ndiyo sahihi, kwa kuwa hunasa pembeni mwa taya badala ya kumezwa hadi tumboni. Sharti lake ni kutoikurupusha fimbo samaki anapogusa: acha achukue chambo, ageuke, mshipi ukaze wenyewe.

Kuhusu kumwachia, ushauri wa Mtwapa umekomaa, na hili linatufurahisha sana. Uliza kama boti ina alama za kumtambulisha samaki aliyeachiwa, za taasisi ya African Billfish Foundation ya Watamu, na kama baharia anajua kuzipachika. Samaki asipandishwe botini kwa ajili ya picha. Hushikwa mdomo ubavuni mwa boti, boti ikisonga taratibu ili maji yapite kwenye mashavu yake, mpaka apate nguvu ya kuondoka. Mkitaka kitoweo, semeni mapema: kwa desturi samaki aliyevuliwa ni wa boti, na mteja hupewa sehemu. Ugomvi mwingi wa jioni gatini unatokana na neno hilo kutosemwa asubuhi.

Ushauri huu unapwaya kwenye usalama na bei. Usalama hutajwa kijuujuu mno, “usijali, bahari tunaijua”, na hilo halitoshi. Omba kuona cheti cha boti kutoka mamlaka ya usafiri wa majini, KMA. Hesabu jaketi za kuokolea maisha, zikiwemo za watoto kama wapo. Hakikisha kuna injini mbili na redio inayofanya kazi, maana simu hupoteza mtandao ukienda mbali. Dawa ya kichefuchefu haitajwi kabisa na wengine; mezeni usiku wa kuamkia safari na tena saa moja kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika umechelewa.

Bei nayo hutajwa kwa jumla. Nusu siku ni saa nne au tano, na ukitoa muda wa kwenda na kurudi hubaki kidogo mno kwa nduaro. Kwa samaki huyo lipia siku nzima au uache. Iandikwe kwenye risiti kama mafuta, chambo, chakula na leseni za uvuvi vimo, na boti itapita wapi, kwa sababu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa uvuvi hauruhusiwi. Iandikwe pia nani anaamua kuahirisha upepo ukichafuka, na kama malipo ya awali yatarudishwa au yatahamishiwa tarehe nyingine. Ofisi inayokataa kuliandika hili la mwisho, usiiachie hata shilingi.